Hongo ya Kupita

Kwenye simu yangu ya zamani, ambayo kioo chake kimepasuka lakini bado sijaitupa, kuna picha sitini na tatu za siku moja. Ni Julai 2015, mjini Berlin. Nyingi ni za kwangu mwenyewe: mimi mbele ya Lango la Brandenburg, mimi tena mbele ya lango lilelile nikiwa nimevua koti, mimi na kipande cha ule Ukuta, mimi na mnara wa televisheni uliokatwa kichwa kwa sababu mpiga picha hakutaka kurudi nyuma. Mpiga picha alikuwa rafiki yangu. Alikuwa amenichoka, na alikuwa na haki.

Picha ninayoitafuta kila nikiiwasha simu hiyo haimo. Ingekuwa picha ya kibao cha mtaa tu, herufi nyeusi kwenye bati jeupe: Petersallee. Nilikaa chini ya kibao hicho karibu nusu saa. Sikukipiga picha. Leo mimi ni mwandishi wa habari, kazi yangu ni kuona na kuandika, na jambo hili bado linanisumbua. Ndiyo maana naliandika.

Tulikuwa wanafunzi wa mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Dodoma. Mimi mtoto wa mjini, wa Chang'ombe. Mwenzangu Mgogo wa upande wa Manyoni, kule ambako mkoa unaitwa Singida lakini ukifika unasalimiwa "mbukwa" kama kawaida. Mimi nilisoma uandishi wa habari, yeye historia. Tukapata nafasi ya kozi fupi ya wiki nne katika mji mdogo wa Ujerumani. Tiketi imelipwa, malazi yamelipwa. Kilichotutoa jasho ni viza: barua ya chuo, barua ya mwaliko, bima, picha zenye vipimo vyake, taarifa za benki za mtu mwenye benki (yaani siyo sisi), kisha Dodoma hadi Dar es Salaam mara mbili, kilomita zaidi ya 450 kwenda na nyingine kama hizo kurudi.

Tulipokuwa kwenye basi la kurudi mara ya pili, mahali fulani tukiwa tumeshaipita Gairo, mwenzangu akacheka peke yake.

"Unajua hii inaitwaje?"

"Ipi?"

"Hii tuliyofanya leo. Inaitwa hongo."

Nikageuka kuangalia kama kuna abiria aliyesikia. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba hatujampa mtu yeyote hata senti.

"Siyo hiyo," akasema. "Hongo ya zamani. Ya kwetu."

Kwa msomaji anayelijua neno hili kwa maana moja tu, ile ya bahasha na TAKUKURU, inabidi turudi nyuma kidogo. Katika karne ya 19, njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita katikati ya Ugogo. Mashariki yake kulikuwa na Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kutegemea. Magharibi kulikuwa na Mgunda Mkali, pori la siku nyingi kabla hujaiona Unyanyembe. Katikati ya nyika hizo mbili ndipo walipokaa watu wenye visima, mtama na ng'ombe. Msafara wa watu mia kadhaa ukitokea Marenga Mkali ulikuwa na kiu, na mbele yake bado kulikuwa na Mgunda Mkali. Ulihitaji maji na chakula, na vyote viwili vilikuwa na wenyewe.

Basi wenyewe walitoza. Kila mtemi katika mipaka yake alidai hongo: nguo za merikani na kaniki, shanga, waya wa shaba. Kiasi kilijadiliwa, wakati mwingine siku mbili tatu, wajumbe wakienda na kurudi kati ya kambi na nyumba ya mtemi. Wafanyabiashara wa pwani na Wanyamwezi walilalamika, lakini waliihesabu hongo kama sisi tunavyohesabu nauli. Ilikuwa gharama ya safari.

Wazungu ndio waliokasirika. Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley akapita mwaka 1871, na ukisoma vitabu vyao unakuta Ugogo imepewa sifa ya nchi ya watu wakorofi na wenye tamaa. Nimesoma kurasa hizo zaidi ya mara moja, na kila mara nawaza kama mtu wa Dodoma. Huku mvua inaanza Desemba, ikifika Aprili imekwisha, na miaka mingine inakuja kwa kusitasita. Kisima umekichimba wewe. Halafu atokee mtu na watu mia tano na punda, umwambie karibu, kunyweni mpaka kikauke?

"Wajerumani nao wana kisima chao," mwenzangu aliniambia ndani ya basi. "Wanatuuliza tunakuja kufanya nini, tuna nini mkononi, tutaondoka lini. Sawa tu. Hata babu zangu wangeuliza. Mimi nina neno moja tu: wao walipofika kwetu walikataa kulipa."

Sikumwuliza alikuwa na maana gani. Nilikuwa nawaza koti la kuazima.

Wiki ya tatu ya kozi tukapata Jumamosi moja ya bure. Tukakata tiketi ya basi la usiku kwenda Berlin na kurudi, maana hoteli hatukuwa na uwezo nayo: tutafika asubuhi, tutatembea mchana kutwa, tutaondoka usiku. Kiswahili kina neno zuri hapa. Kutembea ni kwenda kwa miguu, na kutembea ni kwenda kuona watu na mahali. Siku ile tulifanya yote mawili mpaka malengelenge.

Nilikuwa na wazo, sijui nililitoa wapi, kwamba sisi wawili tulikuwa kitu kipya: vijana wa Kiswahili wanaokwenda kuitazama Berlin. Usiku ule ndani ya basi mwenzangu alinivua wazo hilo taratibu.

Mwaka 1887 ilifunguliwa Berlin, kwenye chuo kikuu, Seminari ya Lugha za Mashariki. Maofisa na wengine waliokusudia kwenda makoloni walijifunza humo lugha za watu waliokwenda kuwatawala, Kiswahili kikiwemo, na ili kukifundisha wakahitajika wenye lugha. Akaja Sleman bin Said. Kisha akaja Amur bin Nasur wa Zanzibar, aliyefundisha tangu 1891 mpaka 1895, akaandika habari zake na za mji aliouona. Maandishi hayo yalichapishwa na C. G. Büttner mwaka 1894. Mwaka 1896 Selim bin Abakari, Mngazija, alifuatana na Mjerumani aliyemtumikia, Dkt. Bumiller, wakapita St Petersburg na Moscow wakafika mpaka Siberia. Habari ya safari hiyo aliisimulia kwa Kiswahili, na imo katika kitabu cha Carl Velten cha mwaka 1901, *Safari za Wasuaheli*.

Hebu ipime tarehe hiyo. Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910. Kwa hiyo Kiswahili kilikuwa na maelezo ya Siberia kabla Dodoma haijasikia mlio wa treni.

Aliyenikaa moyoni zaidi ni Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alikuwa mtu wa Bagamoyo, akaenda Berlin mwaka 1900 kufundisha kwenye seminari hiyo. Yeye ndiye mmoja wa watu wakuu nyuma ya *Desturi za Wasuaheli*, kitabu cha mwaka 1903 ambacho mtu anayesoma historia ya pwani hawezi kukiruka, ingawa juu yake linasimama jina la Velten kama mhariri. Mwaka 1904 alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske. Darasani, baadhi ya vijana waliokuja kujifunza lugha yake hawakutaka kumheshimu kama mwalimu, na mwaka 1905 aliiacha kazi. Akapanda meli na mkewe kurudi nyumbani. Walipofika Dar es Salaam, serikali ya koloni haikuwaruhusu kushuka kukaa kama mume na mke. Wakageuzwa. Mtu aliyekuwa amewaeleza Wajerumani desturi za kwao, tangu kuzaliwa kwa mtoto mpaka mazishi, akakataliwa kukanyaga kwao. Alifariki Berlin mwaka 1927, hajaiona Bagamoyo tena.

"Huyo alilipa mara mbili," mwenzangu akasema. "Kwenda alilipa, kurudi akalipa, na bado hakupita."

Asubuhi tulipotoa orodha zetu ndipo ugomvi ulipoanza. Yangu ilikuwa na Lango la Brandenburg, Ukuta, mnara wa televisheni wa mita 368, na duka moja la viatu. Yake ilikuwa kwenye daftari, vitu vitatu vimepigiwa namba: mifupa ya Tendaguru, jiwe la Mohamed Husen, mtaa wa Peters. Nikamwambia hakuna mtu anayesafiri mpaka Ulaya kwenda kuangalia kibao cha mtaa. Akaniambia hakuna mtu anayesafiri mpaka Ulaya kujiangalia mwenyewe mbele ya lango. Tukakubaliana: mpaka saa sita mchana tutafuata orodha yangu, baada ya hapo yake. Picha nilizozitaja mwanzoni ni za kabla ya saa sita.

Makumbusho ya viumbe yako Invalidenstraße. Unaingia tu ukumbi wa kwanza, naye yuko mbele yako, shingo imepotea juu karibu na paa la kioo. Mita 13.27 kwenda juu, mifupa halisi kwa sehemu kubwa, dinosaria mrefu kuliko wote waliosimamishwa katika makumbusho duniani. Watoto wa Kijerumani walikuwa wamelala chali sakafuni wakimtazama. Nami, nakiri, nilifungua mdomo.

Mifupa hiyo inatoka Tendaguru, mkoani Lindi. Ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, mamia ya watu wa huko wakifanya kazi chini ya jua, na mizigo ikabebwa kwa vichwa siku kadhaa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Kwa jumla ilikuwa zaidi ya tani 200. Kiongozi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, fundi aliyejua kuutoa mfupa kwenye udongo bila kuuvunja. Wataalamu Janensch na Hennig ndio walioandika vitabu. Jina la Boheti lilisubiri mpaka mwaka 2007, aina moja ya dinosaria wa Tendaguru ilipopewa jina lake, *Australodocus bohetii*. Na usisahau miaka yenyewe. Vita ya Majimaji ilikwisha mwaka 1907, ikiwa imeacha njaa kubwa kusini yote. Miaka miwili baadaye watu wa nchi hiyohiyo ndio waliokuwa wanabeba mifupa kwenda baharini.

Mwenzangu hakufungua mdomo. Alizunguka yule mnyama mara moja, polepole, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani, akaandika kitu kwenye daftari lake. Nikamwuliza ameandika nini. Akanionyesha. Aliandika: "Yuko salama. Anatunzwa vizuri. Kiingilio tumelipa sisi."

Jiwe la Husen ni la kutafuta. Liko Brunnenstraße, mbele ya nyumba namba 193, na unaweza kulikanyaga bila kujua, maana ni kibati cha shaba cha ukubwa wa kiganja kilichozamishwa kwenye njia ya watembea kwa miguu. Berlin ina maelfu ya vibati kama hivyo, kila kimoja mbele ya nyumba alimokaa mtu aliyeteswa na Wanazi.

Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kama Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, naye akaingizwa jeshini akiwa mtoto katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Mwaka 1929 alifika Berlin, na alikuwa na shida moja ya wazi: alitaka mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Wizara ikamjibu kwamba amechelewa. Akabaki. Alifanya kazi ya mhudumu katika jumba la starehe la Haus Vaterland, akaigiza kwenye filamu, akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu, akaoa mwaka 1933. Mwaka 1941 alikamatwa, kosa lake likiwa ni uhusiano na mwanamke Mjerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen. Alifia huko tarehe 24 Novemba 1944.

Tulisimama pale watu wakitupita na mifuko ya sokoni. Mwenzangu akachuchumaa, akakifuta kile kibati kwa kitambaa chake cha mkononi mpaka kikang'aa. Mama mmoja mzee akasimama, akatutazama, akainamisha kichwa, akaenda zake. Hiyo nayo sikuipiga picha, lakini kwa hiyo sijilaumu.

Kutoka pale tulirudi kwenye treni ya chini ya ardhi, njia ya U6, tukaelekea kaskazini hadi kituo cha Rehberge. Ukitoka nje unaingia katika eneo ambalo Waberlin wenyewe wanaliita Mtaa wa Kiafrika. Ni majumba ya kawaida, miti mingi, maduka ya Waturuki, nguo zimeanikwa kwenye vibaraza. Ila majina! Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße, Ugandastraße. Nilicheka, kusema kweli nilifurahi, nikawa nayasoma kwa sauti kama kondakta wa daladala. Dodoma sikuiona.

Petersallee ilikuwa njia pana yenye miti. Tulipofika nilikuwa sina miguu. Nikakaa kwenye ukingo wa njia, nikavua kiatu kimoja, nikaanza kulalamika. Na yeye, amesimama chini ya kibao, akanisimulia, na nadhani ndiyo sababu aliyoijia Ujerumani.

Carl Peters ndiye aliyezunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami mwishoni mwa mwaka 1884 akikusanya alama za watu kwenye karatasi za Kijerumani, karatasi ambazo juu yake lilijengwa koloni. Hayo yamo katika kila kitabu cha shule. Lisilokuwamo ni kwamba mwaka 1890, akirudi kutoka Buganda, alipita Ugogo. Katika Ugogo ya magharibi, nchi ya mtemi Makenge, alitakiwa hongo kama msafiri mwingine yeyote. Alikataa. Alijibu kwa bunduki, akachoma vijiji, akateka ng'ombe. Tunajua haya kwa sababu ameyaandika mwenyewe kwa kujisifu, katika kitabu alichokichapisha mwaka uliofuata. Mwenzangu alikisoma kitabu hicho kwa tafsiri ya Kiingereza kwenye kompyuta ya maktaba, Chimwaga, na alipoliona jina la Makenge aliacha kusoma, akatoka nje. Huko ndiko kwao.

Peters baadaye alipelekwa Kilimanjaro kama mwakilishi wa serikali, na huko aliwanyonga kijana aliyeitwa Mabruk na msichana aliyeitwa Jagodja. Habari zilipofika Berlin zikawa kashfa bungeni, na mwaka 1897 akafukuzwa kazi. Kwa maneno mengine Wajerumani wenyewe, wa enzi za Kaisari, walimwona amezidi. Aliyemsafisha ni Hitler. Mtaa huu ulipewa jina lake mwaka 1939.

"Sasa sikiliza uhodari wao," mwenzangu akasema. "Mwaka 1986 watu walipoanza kulalamika, unajua walifanyaje? Hawakubadilisha jina. Walibadilisha Peters. Wakasema kuanzia leo mtaa huu ni wa Peters mwingine, Hans Peters, mwanasiasa mmoja mtu mwema aliyewapinga Wanazi. Kibao kilekile."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nikamwuliza, kwa ule ujinga wa mtu anayetaka kwenda kula, kama bibi yake huko kijijini amewahi hata kumsikia huyo Peters. Akasema hapana. Bibi yake alikuwa na neno jingine. Alikuwa na Mtunya.

Wagogo huzipa njaa majina, kama watu wengine wanavyovipa majina vimbunga. Mtunya ni njaa ya 1917 hadi 1920. Ilianza na vita: majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, yalichukua nafaka, yalichukua wanaume kuwa wapagazi, yote kwa ajili ya vita ya Ulaya. Halafu mvua ikakosekana. Makadirio ya maofisa wa Kiingereza ni kwamba kati ya Wagogo wapatao 150,000, waliokufa walifika 30,000. Mmoja katika kila watano. Bibi yake alizaliwa baadaye, lakini alilelewa na watu walioponea pale, na mpaka uzee wake hakuruhusu mtu aache uwele kwenye sahani. Akiulizwa kwa nini, alijibu neno moja, jina la njaa.

"Yeye hana haja ya kumjua Peters," mwenzangu akasema. "Mimi ndiye nimekuja kumjua kwa niaba yake. Haya, vaa kiatu, twende."

Ndivyo ilivyokuwa. Alikaa kimya njia nzima mpaka kituo cha basi. Mimi nililala.

Baadaye nilikuja kujua kwamba siku ile tulipopita Berlin walikuwapo watu waliokuwa wakiupigania mtaa huo kwa miaka. Mmoja wao ni Mtanzania, Mnyaka Sururu Mboro, Mchaga aliyeondoka nyumbani miaka ya sabini kwenda kusoma Ujerumani. Bibi yake alimwagiza akirudi arudi na kichwa cha Mangi Meli, aliyenyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900. Mzee Mboro ameshakuwa mtu mzima Berlin akikitafuta. Mwaka 2023 watafiti wa makumbusho ya Berlin walitangaza kwamba kati ya mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki waliyokuwa nayo makabatini, 202 yalitoka katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Mwaka huohuo, Novemba, Rais Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa katika Majimaji. Nilikuwa chumba cha habari Dodoma siku hiyo. Nilihariri habari hiyo kwa dakika kumi na mbili, maana taarifa ya saa mbili usiku ilikuwa inasubiri.

Mtaa wenyewe uliamuliwa kubadilishwa mwaka 2018. Baadhi ya wakazi wakaenda mahakamani, kesi ikachukua miaka, na hatimaye tarehe 23 Agosti 2024 vibao vipya vikafunuliwa. Petersallee imekatwa vipande viwili. Kimoja ni Anna-Mungunda-Allee, jina la mwanamke wa Namibia. Kingine ni Maji-Maji-Allee.

Jioni hiyo mwenzangu aliniletea picha ya kibao kipya kwa WhatsApp. Siku hizi ni mwalimu wa historia katika sekondari moja ya serikali, siyo mbali na alikozaliwa. Hatukuwa tumewasiliana karibu mwaka mzima. Maisha tu, hakuna ugomvi. Chini ya picha aliandika: "Kaka, ile ya zamani unayo? Nataka niwaonyeshe wanafunzi zote mbili, kabla na baada."

Nikaichaji simu ile, nikaanza kutafuta. Lango, lango, ukuta, mnara, duka la viatu, dinosaria, mimi na dinosaria. Kisha picha moja, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, niliyoipiga nikitaka kumwonyesha dada yangu nilivyoumia: mguu wangu wa kulia bila kiatu, soksi imetoboka, lengelenge kisiginoni. Nyuma ya kisigino, nje kidogo ya mwanga, kuna nguzo ya chuma ya kijivu. Inaonekana kipande cha chini tu.

Niliona aibu kuituma. Nikaituma, nikaandika: "Nisamehe. Hii ndiyo pekee."

Alikaa muda bila kujibu. Halafu akaandika: "Inatosha. Nitawaambia huko juu palikuwa na jina."